Ngazi Kubwa si Furaha: Uhakiki wa Istilahi za Mwendo, Makao na Hali katika Aria ya Orphée

Utangulizi

Miongoni mwa taaluma ambazo istilahi zake hazijatulia katika Kiswahili, nadharia ya muziki ni mojawapo. Si kwamba Waswahili hawana maneno ya muziki, la hasha. Tunayo mahadhi na lahani, tunao mdundo na pigo, tunacho kiitikio na kibwagizo, na washairi wetu wametuachia bahari, vina na mizani. Tatizo hutokea pale mwalimu anaposimama mbele ya wanafunzi, mkononi ana karatasi ya noti iliyoandikwa Ulaya, naye atakiwa kueleza kwa Kiswahili kwamba wimbo ule unakwenda kwa mwendo gani, umejengwa juu ya noti ipi, na una hali gani. Hapo kila mwalimu hujitafutia njia yake, na njia hizo aghalabu hazikutani.

Katika makala haya tumekusudia kuhakiki baadhi ya istilahi zinazotumika kwa mambo hayo matatu. Hatutazihakiki zikiwa zimepangwa peke yake katika orodha, maana istilahi iliyomo orodhani yaweza kupendeza macho na bado ikashindwa kazi. Tutazipima kwa wimbo mmoja, kama vile fundi apimavyo ufunguo kwa kuutia katika kitasa. Wimbo wenyewe ni aria mashuhuri ya opera ya Kifaransa, ile ijulikanayo kwa jina la "J'ai perdu mon Eurydice", kutoka katika opera ya Christoph Willibald Gluck iitwayo Orphée et Eurydice, iliyoonyeshwa mjini Paris kwa mara ya kwanza tarehe 2 Agosti, 1774.

Tumeuchagua wimbo huu kwa sababu moja kubwa. Ni wimbo wa maombolezo, nao umetungwa katika ngazi ile ambayo walimu wengi wa kwaya hupenda kuiita "ngazi ya furaha". Basi hapana budi moja kati ya mawili liwe kweli: ama mtungaji amekosea, ama istilahi imekosea. Hilo ndilo shauri tunaloliweka mbele ya wasomaji.

Kabla ya kuendelea yafaa tuseme kwamba maneno opera na aria tunayachukua kama yalivyo. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao sehemu kubwa ya maneno yake huimbwa pamoja na okestra. Aria ni wimbo kamili wa mhusika mmoja ndani ya mchezo huo, pale hadithi inaposimama kidogo ili mhusika afungue moyo wake. Maneno haya mawili yanatamkika bila shida katika Kiswahili, wala hatuoni faida ya kuyatafutia badala.

Kisa cha wimbo

Orphée ni mwimbaji wa hadithi za kale za Wagiriki. Mkewe Eurydice amefariki, naye amepewa ruhusa ya kushuka kuzimu kumrejesha, kwa sharti kwamba asimtazame mpaka watakapotoka. Njiani mke haelewi kwa nini mumewe anamgeuzia kisogo. Analalamika, anadhani hapendwi tena. Mume anashindwa kuvumilia, anageuka, anamtazama, na papo hapo Eurydice anakufa mara ya pili. Ndipo Orphée anapoimba aria yetu. Baada ya wimbo anataka kujiua, lakini mungu wa mapenzi anamzuia na kumrudishia mkewe, na mchezo unakwisha kwa heri.

Opera hii ina historia ya nyumba mbili. Kwanza ilitungwa kwa Kitaliano, maneno yakiwa ya Ranieri de' Calzabigi, ikaonyeshwa mjini Vienna tarehe 5 Oktoba, 1762. Huko Orphée aliimbwa na Gaetano Guadagni, mmoja wa wale wanaume waliohasiwa utotoni ili sauti zao zisivunjike, naye alikuwa na sauti ya chini miongoni mwa sauti za namna hiyo. Miaka 12 baadaye Gluck aliirekebisha kwa ajili ya Paris. Maneno ya Kifaransa yaliandikwa na Pierre-Louis Moline, na nafasi ya Orphée ikapewa Joseph Legros, mwanamume mwenye sauti ya kiume ya juu kabisa, iliyopendwa sana Ufaransa zama hizo. Kwa kuwa sauti ilibadilika, aria nayo ikapandishwa: kule Vienna ilikaa juu ya noti ya C, huku Paris ikakaa juu ya noti ya F.

Umbo lake ni jepesi. Kuna kiitikio kimoja kinachoimbwa mara tatu, na baina ya mara hizo kuna vipande viwili ambamo Orphée anaita jina la mkewe na kungoja jibu lisilokuja. Katika kipande cha pili mwendo unalegea na muziki unaingia katika ngazi ndogo. Kisha kiitikio kinarejea vilevile, katika ngazi kubwa, na kurefushwa mwishoni.

Ngazi: kubwa na ndogo

Tuanze na neno ngazi, ambalo twaona limefaulu. Wataliano huita mpangilio wa noti kwa jina la ngazi ya kupandia, na Kiswahili kimefanya hivyohivyo bila kulazimishwa, maana noti hupandwa moja moja kama vipandio. Hapa hatuna ugomvi na mtu.

Ugomvi waanza tunapogawa ngazi hizo mafungu mawili. Katika fungu la kwanza, baina ya noti ya kwanza na noti ya tatu mna nusu-toni 4. Katika fungu la pili mna nusu-toni 3. Tofauti ya msingi ndiyo hiyo, nayo ni tofauti ya kipimo, yaani ukubwa na udogo wa nafasi. Ndiyo maana Wafaransa na Wataliano huziita kwa maneno yenye maana ya kubwa zaidi na ndogo zaidi. Wajerumani walifuata njia nyingine, wakaziita kwa maneno yatokanayo na Kilatini, yenye maana ya ngumu na laini. Katika lugha zote hizo hakuna aliyezipa jina la furaha wala la huzuni.

Lakini katika madarasa yetu hutokea mara nyingi kwamba mwalimu, kwa nia njema ya kurahisisha, husema "ngazi ya furaha" na "ngazi ya huzuni". Tunaielewa nia hiyo. Mwanafunzi anayeanza husikia nyimbo mbili, moja ya shangwe na moja ya simanzi, naye hupata mahali pa kushika. Hatari ni kwamba kilichokuwa fimbo ya kujifunzia kutembea hugeuka kuwa mguu. Mwanafunzi hupewa mtihani, akasikilizishwa wimbo wa kuomboleza, akaulizwa uko katika ngazi gani. Masikio yake mazima kabisa yasikia kilio. Istilahi imemfundisha kwamba kilio ni "ngazi ya huzuni". Anaandika hivyo, anakosa. Aliyekosa hapo ni neno alilopewa. Na neno likikosa mara moja katika kitabu cha kiada, hukosa mara elfu katika madarasa.

Aria ya Orphée ni ushahidi wa kwanza, wala si wa pekee. Huko huko Ufaransa, mwaka 1737, Jean-Philippe Rameau alitunga opera iitwayo Castor et Pollux, na ndani yake mna aria ya Télaïre anayemlilia mpenzi wake mbele ya kaburi. Hiyo nayo ni ya ngazi kubwa, na wajuzi wa muziki wa Ufaransa huihesabu miongoni mwa nyimbo za msiba zilizo nzito kuliko zote za karne ile. Kwa upande wa pili, msomaji aitazame habanera ya Carmen, katika opera ya Georges Bizet iliyoonyeshwa Paris mwaka 1875. Wimbo ule waanza katika ngazi ndogo ya D, na anayeuimba hana huzuni hata chembe: anawachezea wanaume waliomzunguka. Baadaye unahamia ngazi kubwa juu ya noti ileile, na mchezo wake ni uleule.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Wimbo wa taifa wa Tanzania, ambao mahadhi yake yatokana na wimbo wa Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alioutunga mwaka 1897, ni wa ngazi kubwa. Nao ni dua, watu husimama wima wakiuimba kwa utulivu, wala hakuna anayeuita wimbo wa kuchekea. Wimbo wa taifa wa Kenya, uliotokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, ukaanza kutumika mwaka 1963, ni wa ngazi ndogo. Nao umeimbwa katika siku za fahari kubwa za taifa lile. Je, tuwaambie Wakenya kwamba wanasherehekea uhuru wao kwa "ngazi ya huzuni"? Istilahi inayotufikisha hapo haifai. Ngazi kubwa na ngazi ndogo ni majina ya kweli, kwa kuwa yanataja kilichomo katika noti, na yanamwachia msikilizaji kazi yake.

Makao

Istilahi ya pili ni ile ya noti ambayo wimbo umeifanya kitovu chake, noti ya kuondokea na kurejea. Wengi wameandika "ufunguo". Neno hili limekuja kwetu kutoka Kiingereza, ambamo jina la kifaa cha kufungulia mlango hutumika pia kwa jambo hili. Lakini msomaji akifungua karatasi ya noti iliyochapwa Paris atakuta kwamba Wafaransa hutumia jina la ufunguo wa mlango kwa kitu kingine kabisa: ile alama iandikwayo mwanzoni mwa mistari mitano ili kuonyesha mahali pa kila noti. Alama ile hasa yafungua usomaji, nayo yastahili kuitwa ufunguo. Tukiita kitovu cha wimbo kwa jina hilohilo, tutakuwa na mwanafunzi mmoja mwenye funguo mbili asizojua ipi ni ya mlango upi.

Wako waliopendekeza tutumie "makamu", neno linalojulikana na wapigaji wa taarabu tangu enzi za kuanzishwa kwa Nadi Ikhwan Safaa huko Unguja mwaka 1905. Pendekezo hili lina heshima yake, na sisi tulivutwa nalo. Makamu kwa asili yake ya Kiarabu ni mahali pa kusimama, na kitovu cha wimbo ni mahali pa namna hiyo. Hata hivyo makamu ya Rast au Bayati hubeba mambo mengi kuliko kitovu: ndani yake zimo nafasi zilizo baina ya nusu-toni na toni nzima, na zimo njia maalumu ambazo lahani hupaswa kupitia. Tukilichukua neno hilo na kulifinya liwe jina la kitovu cha aria ya Kifaransa, tutawadhulumu wapigaji wa udi na kanuni bila kumfaidi mwimbaji wa opera. Makamu yabaki kuwa makamu.

Tunapendekeza neno makao. Ni la Kibantu, la asili moja na kitenzi kukaa, na maana yake yakaribiana na ile ya Kiarabu bila kuigusa mali ya mwenyewe. Wimbo una makao yake. Hutoka, hutembea, hurejea. Muziki ukihama kutoka kitovu kimoja hadi kingine tutasema umehama makao, na kila mtu ataelewa bila kufasiriwa. Kwa hiyo aria ya Vienna ina makao ya C, ngazi kubwa. Aria ya Paris ina makao ya F, ngazi kubwa. Hapa msomaji aona faida ya kutenganisha maneno mawili: kati ya 1762 na 1774 makao yalibadilika, ngazi haikubadilika. Anayetumia neno moja kwa yote mawili hawezi kuueleza ukweli huu mwepesi.

Kuna tahadhari moja ya kuongeza. Wafaransa huziita noti do, re, mi, fa zikiwa majina ya kudumu, hata fa yao ni ile ile F daima. Kwaya zetu, zilizolelewa katika solfa ya wamisionari, hutumia do kwa noti yoyote iliyo makao ya ngazi kubwa. Mwalimu husema "do ni F", na kila mwimbaji hujipanga. Kwa hiyo mwanakwaya wa kwetu akisoma katika kitabu cha Kifaransa kwamba aria hii iko katika fa, ataielewa kinyume, akadhani inazungumziwa noti ya nne ya ngazi. Shauri letu ni kwamba herufi za alfabeti zitumike kwa makao, na silabi za solfa zibaki kwa vipandio vya ngazi.

Aidha makao yasichanganywe na kimo cha sauti. Ufaransa haikuwa na kimo rasmi cha noti hadi mwaka 1859, ilipoamriwa kwamba noti ya A itetemeke mara 435 kwa sekunde. Mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1939 ukapendekeza 440. Basi F aliyoiimba Legros haikuwa lazima iwe sawa na F ya kinanda cha leo. Makao ni uhusiano wa noti na ndugu zake. Kimo ni jambo la fizikia.

Mwendo

Hapa ndipo penye roho ya aria yetu. Gluck mwenyewe alilijua hilo mapema. Katika utangulizi wa opera yake Paride ed Elena, uliochapwa mwaka 1770, alieleza kwamba badiliko dogo tu katika namna ya kuimba laweza kuugeuza wimbo huu wa Orphée uwe ngoma ya vikaragosi. Noti ikishikwa zaidi au pungufu, au pambo likitiwa pasipo pahali pake, tukio zima huharibika. Mtungaji anayesema hivyo juu ya kazi yake amekiri kwamba noti alizoandika hazitoshi peke yake kuleta kilio. Kilio kimewekwa amana mikononi mwa mwimbaji.

Gluck alifariki mwaka 1787, na kipima-mwendo cha Johann Maelzel kilisajiliwa mwaka 1815. Kwa hiyo hakuweza kuacha hesabu ya mapigo kwa dakika. Watungaji wa zama zake walikuwa na maneno ya Kitaliano tu, kama lile lenye maana ya "kwa kutembea", litokanalo na kitenzi cha kwenda. Na Wafaransa, kwa jambo hili zima, walitumia neno lenye maana ya mwendo. Kiswahili hakina sababu ya kuhangaika: neno ni mwendo.

Twasema hivi kwa kuwa wako wanaoandika "kasi" na wengine "spidi". Kasi ni sifa ya mwendo, tena ni sifa ya upande mmoja, maana mtu akisema "nenda kwa kasi" hakuna atakayepunguza hatua. Kusema kwamba maombolezo yana "kasi ndogo" ni kama kusema kwamba mgonjwa ana afya kidogo: laeleweka, lakini limegeuza jambo. Mwendo waweza kuwa wa pole, wa kutembea, wa haraka, na waweza kulegea au kukaza bila neno kujipinga. Vilevile mwendo usiitwe mdundo. Mdundo ni mpangilio wa mapigo marefu na mafupi, yenye nguvu na yasiyo na nguvu. Mdundo mmoja waweza kupigwa kwa mwendo wowote, kama ajuavyo kila mpiga ngoma.

Nguvu ya mwendo katika aria hii ilidhihirika mwaka 1859, Hector Berlioz alipoitengeneza upya opera hii kwa ukumbi wa Théâtre-Lyrique mjini Paris, na nafasi ya Orphée ikaimbwa na Pauline Viardot, mwanamke mwenye sauti nzito. Aria ikarudishwa katika makao ya C. Berlioz ameeleza katika uhakiki wake kwamba Viardot alikiimba kiitikio kwa namna tatu mbalimbali: mara ya kwanza kwa mwendo wa pole na uchungu uliozuiwa, mara ya pili kwa sauti ya chini mno, yenye kutetemeka kama iliyozibwa na machozi, mara ya tatu kwa mwendo uliochangamka, akiinuka kutoka kando ya maiti na kukimbilia upande wa pili wa jukwaa kama aliyepandwa na wazimu.

Tuyatafakari hayo. Noti ni zilezile mara tatu, makao ni yaleyale, ngazi ni ileile. Tofauti ilitoka katika mwendo na katika nguvu ya sauti, nayo ilitosha kumtoa mtu katika uvumilivu na kumpeleka katika machozi, hata katika kukata tamaa. Zaidi ya hayo, mara ya tatu, ambayo huzuni yake ni kali kuliko zote, ndiyo iliyokwenda haraka. Kwa hiyo hata ile kanuni ya mkato, kwamba pole ni huzuni na haraka ni furaha, haisimami. Mwendo hufanya kazi kwa kulinganishwa na ule uliotangulia.

Hali

Twafika kwenye neno lenye utata kuliko yote. Wimbo huu una nini? Wengine husema una "hisia ya huzuni". Lakini hisia ni mali ya mtu: Orphée ana hisia zake, mwimbaji ana zake, msikilizaji ana zake. Noti hazihisi. Swali hili lilizua mabishano makubwa Ulaya, na aria yetu ndiyo iliyotiwa kizimbani. Boyé, mwandishi wa Kifaransa wa zama za Gluck, alionyesha kwamba mahadhi haya yangeweza kupachikwa maneno yenye maana iliyo kinyume kabisa, mtu akashangilia kumpata Eurydice badala ya kulia kumpoteza, na wimbo usigome. Mwaka 1854 mhakiki Eduard Hanslick wa Vienna aliuchukua mfano huo katika kitabu chake juu ya uzuri wa muziki, akautumia kudai kwamba muziki hauna uwezo wa kueleza hisia fulani maalumu. Hata hivyo aliongeza kwamba lawama nyingine ni ya mtungaji, kwa kuwa muziki unazo sauti zifaazo huzuni kuliko hizi.

Hoja ya Boyé ni kali, nasi hatuikatai yote. Yatosha kulinganisha maneno ya kweli ya nyumba mbili. Kwa Kitaliano Orphée anauliza afanye nini bila mkewe. Kwa Kifaransa haulizi, anatoa habari ya msiba. Swali limegeuzwa kuwa taarifa, na mahadhi yameyapokea yote mawili bila kinyongo. Mstari wa kwanza una mizani 8 katika lugha zote mbili, na mkazo wake wa mwisho huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa. Kipande cha utenzi nacho kina mizani 8, na katika mizani hizo tumesimuliwa vita vya kale, na Mwana Kupona mwaka 1858 akamuusia bintiye. Hakuna mwalimu wa ushairi aliyewahi kuiita bahari ya utenzi "bahari ya huzuni" au "bahari ya vita". Busara hiyo tuliyo nayo katika ushairi twaikosaje katika muziki?

Hata hivyo hatumfuati Hanslick mpaka mwisho wa safari yake. Alipolaumu uchaguzi wa Gluck aliupima wimbo ukiwa umekatwa kutoka katika mchezo. Ndani ya mchezo, kiitikio hiki hutanguliwa na maneno yanayosemwa kwa nusu wimbo, yaliyovunjikavunjika, ya mtu asiyeamini alilolitenda. Baada ya mtikisiko huo mahadhi yanakuja yamenyooka, mepesi, katika makao thabiti. Sisi twamwona hapo mtu aliyeshika kitu kimoja tu kilichombakia, yaani uimbaji wake. Anatoka kwenda kuita, anajibiwa na kimya, anarejea palepale. Anatoka tena, mara hii hata katika ngazi ndogo, anarejea tena. Nyumba ni ileile, safi na yenye nuru, na aliyekuwa ndani yake hayumo. Laiti mahadhi yangekuwa katika ngazi ndogo tangu mwanzo, kurejea kule kusingeuma, maana pasingekuwa na kitu cha kulinganisha na msiba.

Wapo wasemao kwamba ngazi kubwa ni dalili ya mwisho mwema wa mchezo. Hatukubaliani nao. Orphée haujui mwisho huo. Kitendo kinachofuata wimbo ni jaribio la kujiua. Kuusoma wimbo kwa kutumia habari ambazo mwimbaji wake hana ni kumpokonya msiba wake.

Kutokana na hayo twapendekeza neno hali, yaani hali ya wimbo, na tulifasili hivi: ni jumla ya yale yanayosikika pale ngazi, makao, mwendo, mdundo, nguvu ya sauti, maneno na mahali pa wimbo katika hadithi vinapokutana. Hisia tuwaachie watu. Hali haiwezi kutabiriwa kwa kutazama ngazi peke yake, kama vile hali ya hewa haiwezi kutabiriwa kwa kutazama upepo peke yake.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, twaweka mbele ya wasomaji na wakuza istilahi mapendekezo yafuatayo:

Ngazi: mpangilio wa noti kwa vipandio. Ngazi kubwa ina nusu-toni 4 baina ya noti ya kwanza na ya tatu. Ngazi ndogo ina nusu-toni 3. Majina "ngazi ya furaha" na "ngazi ya huzuni" yaachwe katika vitabu na katika mitihani.

Makao: noti ambayo wimbo umeifanya kitovu. Hutajwa kwa herufi. Kuhama makao ni kuhamia kitovu kingine.

Ufunguo: alama ya mwanzoni mwa mistari mitano, basi.

Mwendo: upole au uharaka wa mapigo. Kasi ibaki kuwa sifa.

Hali: kama ilivyofasiliwa hapo juu.

Kwa istilahi hizi twaweza kuieleza aria nzima kwa sentensi moja ya Kiswahili ambayo kila mwanafunzi ataielewa: aria ya Orphée ya mwaka 1774 ina makao ya F, ngazi kubwa, mwendo wake unalegea katika vipande vya kuita, na hali yake ni ya maombolezo. Sentensi hiyo haijipingi popote. Mtu na ajaribu kuiandika kwa istilahi za zamani, aone kama hatalazimika kusema kwamba mjane huyu analia kwa furaha.

Tunatarajia kupingwa, hasa juu ya neno makao, na walimu wa kwaya na wapigaji wa taarabu ndio wenye haki ya kwanza ya kutupinga. Ombi letu ni moja: kila atakayeleta neno badala, alilete pamoja na wimbo wa kulipimia.